Loweka mbegu za mikunde kabla ya kupanda, ila jua muda wake

Wakulima wenzangu, mvua zikiwa za kusuasua kunde na choroko nyingi zinafia chini kabla hata hazijaonekana, manake mbegu za mikunde zinakunywa maji mengi sana ndo ziote. Soya kwa mfano inataka unyevu ufike karibu 50% ya uzito wake wakati mahindi yanaanza kuota kwenye 30% hivi, sasa udongo wa juu ukiwahi kukauka mbegu inakwama katikati, inaoza au inaliwa na wadudu, we unabaki na shamba la mapengo.

Kwa hiyo ile kazi ya kunywa maji ianzie nyumbani. Kunde, choroko, mbaazi na dengu ziloweke kwenye maji safi ya kawaida kama masaa 8, yaani usiku tu, asubuhi zitoe uzianike kivulini mpaka zisishikane mkononi halafu zipande siku hiyohiyo. Haina gharama, na ukipata unyevu kidogo tu zinatoka mapema na kwa pamoja.

Shida ni watu kuzidisha muda. Mbegu ikikaa majini hadi ianze kutoa mzizi hairudi nyuma tena, ikikuta udongo mkavu imekufa, wakati ile iliyolowekwa kwa kiasi inaweza kusubiri. Mbegu zinatofautiana so jaribu kidogo kwanza: loweka mafungu madogo masaa 6, 8, 10 na 12, yatoe yakauke juu uyaache bila kuongeza maji mpaka kesho yake, fungu litakaloota lenyewe ujue muda huo umepitiliza, chukua muda mfupi zaidi ya huo.

Maharage na soya nakuomba sana usizitumbukize kwenye ndoo hasa kama zimekauka mno, zinavuta maji kwa kasi, zinapasuka ndani na zinakosa hewa, unaona zimevimba vizuri kumbe zimeshaumia. Hizo zifunge kwenye kitambaa au gunia lenye unyevu, zinywe taratibu.

Mbegu ya dukani yenye rangi ya dawa usiiloweke kabisa, utaosha dawa yote na hayo maji ni sumu kwa watu na mifugo. Unayetumia bakteria wa raizobia (wale wanaotengeneza vinundu kwenye mizizi) wachanganye baada ya kuloweka, mbegu ikiwa bado na unyevunyevu inawashika vizuri, ila fanya kivulini na ufukie haraka kwa sababu jua linawaua, na dawa nyingine za ukungu pia zinawaua, soma lebo.

Halafu kuna wanaopanda kwenye vumbi wakisubiri mvua, hapo tumia mbegu kavu, usipeleke ya kulowekwa. Ya kulowekwa inaenda kwenye udongo wenye unyevu tayari, fukua kwa kidole kama sentimita 5, ukikuta ubichi panda hapohapo kwenye ubichi na ugandamize kidogo kwa mguu mbegu ishikane na udongo. Na kama umeshaloweka mvua ikagoma, zikaushe vizuri kivulini zinakaa siku chache, ila kabla ya kuzipanda chukua 100 uzioteshe kwenye kitambaa kibichi, zikitoka chini ya 80 ongeza mbegu kwenye shimo.