Windows mpya inadai haijaamilishwa: kagua haya kabla ya kutafuta ufunguo

Laptop imepigwa Windows upya, drayva zote ziko sawa, lakini pale chini kulia kuna lile andiko la kijivu, "Activate Windows". Wengi hapo hukimbilia kraki (programu ya kuamilisha bila leseni), au hununua ufunguo wa bei ya kutupa kwa mtu wasiyemjua. Ngoja kwanza. Kama laptop ilitoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11, leseni yake mara nyingi bado ipo. Kosa la kawaida ni kuweka toleo lisilolingana nayo, mfano kuweka Pro kwenye mashine ya Home.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo ndani ya BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta iliyo kwenye ubao mama. Kufuta diski hakuugusi, wala kutoa HDD na kuweka SSD. Zile stika za herufi na namba 25 chini ya laptop ni mambo ya enzi za Windows 7. Halafu Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 ikaongezeka leseni ya kidijitali: seva za Microsoft huitambua mashine kwa vifaa vyake, hasa ubao mama. Iliyowahi kuamilishwa kihalali hujiamilisha yenyewe ikipata intaneti, mradi toleo ni lile lile.

Hatua ya 1. Tazama tarehe na saa. Laptop ya zamani ambayo betri ya CMOS (ile ndogo inayotunza saa) imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa, na muunganisho na seva hukataliwa. Rekebisha, washa bando, subiri kidogo.

Hatua ya 2. Jua umeweka nini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Kidirisha huchelewa sekunde chache, usibonyeze mara tatu. Kitakuonyesha jina la toleo na aina ya leseni: OEM_DM ni ya kiwandani, RETAIL ni ya kununua mwenyewe, VOLUME_KMSCLIENT ni ya taasisi.

Hatua ya 3. Jua laptop yenyewe ina leseni gani. Hapa ndipo penye jibu, na ndipo mafundi wengi hukosea. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Ikileta neno Professional, ni Pro. Ikileta Core, ni Home, kwa sababu ndani ya Windows Home huitwa hivyo. Ukiondoa neno Description mwishoni, utaletewa ufunguo wenyewe. Usiupige picha ukaurusha kwenye magrupu. Isipoleta kitu, BIOS haina ufunguo.

Hatua ya 4. Linganisha. BIOS ikiwa na Pro nawe umeweka Home, ingia Settings, System, Activation, uweke ule ufunguo. Itapanda kuwa Pro bila kufuta faili. Ikiwa kinyume chake, usipoteze muda: ufunguo wa Home hauamilishi Pro. Hifadhi faili zako, tengeneza flashi ya kupigia Windows kwa programu rasmi ya Microsoft, upige Home. Ikishaingia mtandaoni itajimalizia.

Hatua ya 5. Matoleo yakilingana na bado inagoma, andika slmgr /ato kwenye Command Prompt ya msimamizi na usome namba ya kosa. 0x803F7001 maana yake haikuonekana leseni ya mashine hii. Bonyeza Troubleshoot palepale kwenye Activation. 0xC004C003 ni ufunguo uliofungiwa. 0xC004F074 na 0x8007232B ni Windows inayotafuta seva ya KMS ya ofisi (inayoamilisha kompyuta za taasisi kwa pamoja) ambayo wewe huna.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nilinunua laptop used ya Dubai ikiwa imeamilishwa kabisa. Imepita kama miezi sita, sasa inadai tena. Nimeibiwa?

Fanya hatua ya 2. Nina uhakika mkubwa utakuta VOLUME_KMSCLIENT. Leseni ya KMS hudumu siku 180, kisha lazima ijihuishe kwa seva ya taasisi. Aliyekuuzia alitumia kraki, nayo nani ajuaye imebeba nini kingine ndani. Ila usikate tamaa: laptop nyingi za ofisini kama Latitude, EliteBook na ThinkPad zina Pro kwenye BIOS. Thibitisha kwa hatua ya 3, kisha piga Pro safi.

BIOS yangu ni Home, nami nimenunua ufunguo halali wa Pro. Flashi haiulizi toleo, inaweka Home tu.

Iache iweke Home, kwa kuwa imesoma BIOS. Ukimaliza, weka ufunguo wa Pro kama kwenye hatua ya 4.

Fundi amenibadilishia ubao mama wa laptop nyingine ya aina hiyo hiyo. Leseni imekwenda?

Ya zamani ilikuwa ya ubao wa zamani, dada. Lakini ubao uliowekewa huenda umekuja na ufunguo wake. Rudia hatua ya 3, unaweza kukuta ulikuwa na Home na sasa una Pro.

Naweza kutumia stika ya Windows 7 kuamilisha Windows 10?

Zamani ilikubali. Mwezi Septemba 2023 Microsoft walitangaza kuifunga njia hiyo. Na Windows 10 yenyewe msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Nikiiacha tu bila kuamilisha, itazima?

Haizimi, na masasisho ya usalama yanaendelea kuja. Utabaki na lile andiko, na sehemu ya kubadili rangi na picha ya skrini kwenye Settings itafungwa.