Somo: Kupima ubora wa maisha ya mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo, hatua kwa hatua

Picha ya MRI itakuambia uvimbe umepungua au umeongezeka. Haitakuambia kama mama huyu bado anaweza kupika na kuzima jiko mwenyewe, kama anaogopa kwenda sokoni asije akaanguka kwa kifafa, wala kama maneno yanamponyoka katikati ya sentensi. Hayo hupimwa kwa kumuuliza yeye, kwa maswali yale yale, kila baada ya muda uliopangwa. Kumsalimia mlangoni "unaendeleaje?" na kujibiwa "namshukuru Mungu" ni adabu njema, lakini huwezi kuiandika kama kipimo.

Mwaka 2005 ulitoka utafiti mkubwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, wenye wagonjwa 573. Waliopewa mionzi pamoja na temozolomaidi, dawa ya saratani, waliishi miezi 14.6 kwa wastani wa kati (nusu yao waliishi zaidi ya hapo), na waliopewa mionzi peke yake 12.1. Tofauti ni miezi miwili na nusu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza hiyo miezi ikoje. Kwa bahati nzuri watafiti wale walikuwa wamepima pia ubora wa maisha, wakaweza kujibu kwamba dawa ile haikuacha madhara ya kudumu kwenye maisha ya kila siku. Bila dodoso wasingekuwa na la kusema.

Hatua ya 1: Chagua dodoso

Linalotumika zaidi ni QLQ-C30 la EORTC, shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani. Lina maswali 30 kwa wagonjwa wa saratani yoyote: nguvu za mwili, kazi, hisia, kumbukumbu, mahusiano, uchovu, maumivu, usingizi, hata gharama. Peke yake halitoshi kwa ubongo. Linaongezewa BN20, maswali 20 ya uvimbe wa ubongo: hofu ya kesho, macho, viungo kutotii, kuwasiliana, kichwa kuuma, kifafa, kusinzia, nywele kutoka, ngozi kuwasha, miguu kuishiwa nguvu na kuzuia mkojo. Yote 50 yanauliza kuhusu wiki moja iliyopita, isipokuwa machache ya mwanzo ya QLQ-C30 yanayohusu nguvu za mwili kwa ujumla.

Usiyatafsiri mwenyewe usiku ukaanza nayo asubuhi. Andikia EORTC uombe ruhusa na tafsiri iliyothibitishwa. Kwa utafiti wa chuo hawatozi. Neno moja likibadilika, alama zako haziwezi tena kulinganishwa na za mwingine.

Hatua ya 2: Panga siku zako mapema

Kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya upasuaji, au ikishindikana kabla ya mionzi. Ukianza baadaye hutajua alikotoka. Kisha chagua nyakati za kupima, kwa mfano mwisho wa mionzi na kila miezi mitatu baadaye, uzishike kwa wagonjwa wote.

Kila mara andika dozi ya deksamethasoni na dawa za kifafa anazotumia siku hiyo. Hapa wengi wanateleza. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, mgonjwa akachangamka ndani ya siku chache. Ikiendelea kwa wiki nyingi humnyima usingizi, humfanya ale sana na kukasirika haraka, tena hulegeza misuli ya mapaja hadi kuinuka chooni kukawa kazi. Usipojua dozi, utadhani ugonjwa umesonga mbele kumbe ni dawa.

Hatua ya 3: Kaa naye

Tafuta chumba chenye utulivu, kiti kisicho na magurudumu, karatasi yenye maandishi makubwa. Mpe dodoso kabla hajamwona daktari: akishaambiwa majibu ya picha, majibu yake yote yatafuata habari hiyo.

Muulize kwanza anaona wapi vizuri. Uvimbe wa nyuma ya ubongo unaweza kumfuta nusu ya uwanja wa kuona. Utakuta amejibu visanduku vya upande wa kulia tu, vya kushoto kwake havipo. Sogeza karatasi, au funika maswali mengine umwonyeshe moja moja.

Mwenye uvimbe upande wa kushoto, panapotawala lugha kwa watu wengi, anaweza kukuelewa vizuri lakini jibu likakwama. Usimmalizie neno. Mwandikie majibu manne kwa herufi kubwa aonyeshe kwa kidole: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Hesabu kimya hadi kumi kabla ya kurudia swali. Wagonjwa hawa ndio huachwa nje ya tafiti kwa kisingizio kwamba hawawezi kujibu, ilhali ndio hasa tunaowatafuta. Dodoso linalojibiwa na wenye nafuu peke yao litakuonyesha wodi nzima ina nafuu.

Akichoka, simama. Mtamalizia baada ya chai, siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kokotoa

Majibu mengi huenda 1 hadi 4. Tafuta wastani wa maswali ya kundi moja, toa 1, gawa kwa 3, zidisha kwa 100. Kwa dalili inaishia hapo, na alama kubwa ni mbaya. Kwa uwezo, kama hisia au nguvu za mwili, toa jibu hilo kwenye 100, na alama kubwa ni nzuri. Maswali mawili ya afya kwa jumla yana majibu 1 hadi 7: toa 1, gawa kwa 6, zidisha kwa 100, kubwa ni nzuri.

Mfano. Kuwasiliana kuna maswali matatu ndani ya BN20. Mgonjwa amejibu 3, 2, 3. Wastani 2.67, toa 1, baki 1.67, gawa kwa 3, zidisha kwa 100, unapata 55.6. Baada ya miezi mitatu amejibu 2, 2, 2, yaani 33.3. Ameshuka alama 22, na kwa kuwa ni dalili, kushuka ni nafuu. Desturi ni kuhesabu tofauti ya 10 kuwa mgonjwa anaihisi, na zaidi ya 20 kuwa kubwa. Huyu anaongea vizuri zaidi, na nyumbani wameona.

Kundi likiwa na maswali yaliyojibiwa nusu au zaidi, tumia wastani wa yaliyojibiwa. Chini ya nusu, liache tupu. Usijaze sifuri.

Hatua ya 5: Soma majibu siku hiyo hiyo, na hesabu yasiyokuwepo

Kabla ya kuuliza mtu kama amekata tamaa, jua utampeleka kwa nani akisema ndiyo. Karatasi haingii kwenye faili kabla haijasomwa.

Kwa kila kipimo kilichokosekana andika sababu: amefariki, amezidiwa, amekosa nauli, au sisi tumesahau. Sababu hizo hubeba uzito mkubwa. Mwaka 2014 zilichapishwa pamoja tafiti mbili za bevasizumabu, dawa nyingine ya saratani, kwa glioblastoma, moja ya wagonjwa 921, nyingine 637. Zote zilitumia QLQ-C30 na BN20, na katika zote dawa hiyo haikuongeza urefu wa maisha. Moja ikasema ubora wa maisha ulidumu muda mrefu zaidi, nyingine ikasema ulididimia. Mjadala uliofuata ulihusu namna ya kuhesabu: mgonjwa ambaye uvimbe wake umerudi anahesabiwaje, na asiyejaza anawekwa wapi.

MASWALI NA MAJIBU

Nesi wa wodi: Mwalimu, wagonjwa wetu wengi huku hawajui kusoma. Nikimsomea inakubalika?

Inakubalika, dada. Msomee neno kwa neno, na msomee hivyo kila mara. Ndugu wakae nje kwa upole, maana baba wa watu hatasema mbele ya mkewe kwamba mkojo unamtoka. Kwenye swali la kifafa, wengine hukana kwa sababu hawajaanguka, kumbe mdomo hucheza wenyewe kila jioni. Usibadilishe swali wala alama. Maliza dodoso, kisha muulize kwa maneno yako, uandike pembeni na kumjulisha daktari.

Mwanafunzi wa udaktari: Shikamoo Mwalimu. Kwenye faili tayari kuna alama ya Karnofsky. Haitoshi?

Marahaba. Kipimo hicho cha uwezo wa kujihudumia, 0 hadi 100, ni cha tangu 1949, na anayekitoa ni daktari kwa kumtazama mgonjwa. Mwalimu wa shule anaweza kupewa 90, anatembea, anajihudumia, lakini hawezi tena kufuata mazungumzo ya watu watatu. Darasani hatarudi. Vitumie vyote viwili.

Mke wa mgonjwa: Mume wangu anajibu yuko sawa kabisa. Sisi nyumbani tunaishi na mtu mwingine. Mtaandika lipi?

Pole sana, mama. Uvimbe wa mbele ya ubongo unaweza kumwondolea mtu uwezo wa kuona kwamba amebadilika, hadanganyi. Majibu yake yanaandikwa kama alivyotoa. Yako yanaandikwa kwenye karatasi ya pili yenye jina la mjibuji, na hatuchanganyi kupata wastani. Walezi mara nyingi huona hali ni mbaya kuliko mgonjwa anavyoiona, na tofauti hiyo daktari anaihitaji. Omba akusikilize ukiwa peke yako.

Tabibu wa huduma shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa mateso): Mgonjwa wangu yuko nyumbani, amechoka sana. Maswali 50 nitamtesa.

Kweli, kaka, usimpe hayo. Tumia kipimo cha APCA, chama cha Afrika cha huduma shufaa: maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya familia, alama 0 hadi 5. Anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja, ngumi ikiwa sifuri. Ila soma kila swali linaelekea wapi, maana kwenye mengine tano ni vizuri na kwenye mengine ni vibaya. Ukiona siku hiyo hata vidole ni vizito, uliza la maumivu, uliza kama ana jambo linalomsumbua moyoni, mengine yaache.