Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Kikundi kwa Mahitaji Yaliyoletwa na UVIKO-19: Mwongozo kwa Vikundi vya Mwanza

Kwa wanawake wa mialo ya Mwanza, yaani sehemu za ufukweni wanakoshushwa samaki, janga la UVIKO-19 lilianza kuuma mfukoni. Safari za ndege ziliposimama mwaka 2020, viwanda vya minofu ya sangara vilipunguza ununuzi, soko la mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yanayopelekwa China likayumba, na wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wakapungua pale soko la Mwaloni Kirumba. Vikundi vilivyokuwa vikiishi kwa kuanika na kuuza dagaa vililazimika kutafuta njia nyingine: kutengeneza sabuni ya maji, kushona barakoa, kujenga vichanja vya kuanikia ili dagaa wakauke vizuri na kudumu hadi mnunuzi apatikane. Mashirika kadhaa hutangaza ruzuku kwa ajili ya mabadiliko ya namna hiyo, na vikundi vinavyostahili hukosa kila mara, mara nyingi si kwa sababu wazo ni bovu bali kwa sababu karatasi zao hazikubaliani. Mwongozo huu ni kwa katibu na mweka hazina ambao tayari wamekwishaona fomu na wanataka maombi yao yasikwame njiani.

Kwanza hakikisheni mnaomba ruzuku na si mkopo, maana mialoni maneno haya mawili huchanganywa sana. Fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Ulisitishwa mwaka 2023, ukaanza kutolewa tena kwa utaratibu mpya mwaka 2024, na ni lazima kikundi kiulipe. Ruzuku hairejeshwi, lakini hutolewa hesabu hadi shilingi ya mwisho, na ni fedha za kazi mliyoiandika peke yake. Kikundi kinachopanga kugawana fedha hizo kama vile ni mavuno ya VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopeshana) kisiombe kabisa.

Usajili sitauzungumzia kwa urefu, kwa kuwa vikundi vingi vimekwishaupitia: katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata na hatimaye cheti cha halmashauri. Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba kikundi kilichosajiliwa kama kikundi cha huduma ndogo za fedha kwa Sheria ya mwaka 2018 kinatambuliwa kwa kazi ya kuweka na kukopeshana. Kama sasa mnaomba fedha za kutengeneza sabuni, someni lengo lililoandikwa kwenye katiba yenu, na kama kazi hiyo haimo, fanyeni kikao cha marekebisho na kuyapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya kujaza chochote.

Sasa nije kwenye hatua ninayoomba muisome taratibu, nayo ni jina la kikundi kwenye akaunti ya benki. Jina hilo linatakiwa kuwa lilelile, neno kwa neno, kwenye cheti, katiba, muhuri, namba ya mlipakodi, barua ya mtendaji na akaunti. Tulipofungua akaunti yetu, benki iliona jina ni refu na ikalikata bila kutuuliza, na karatasi tuliyokabidhiwa ilionyesha namba ya akaunti peke yake. Maombi yetu yalipita, mkataba ukasainiwa, na awamu ya kwanza ya fedha ikatumwa. Kisha ikarudi ilikotoka kwa sababu jina la mpokeaji halikulingana na lile la mkataba. Mvua zilianza tukiwa bado tunahangaikia marekebisho, na dagaa wa wanachama wetu wakaoza juu ya mchanga wakati mbao za vichanja zilikuwa zimekwisha kupigiwa hesabu. Jambo hili liliniumiza sana, kwani wanawake waliopata hasara ile ndio waliokuwa wametajwa kwenye maombi kuwa hawana akiba nyingine.

Kwa hiyo msiondoke dirishani bila barua ya benki yenye muhuri inayoonyesha jina kamili la akaunti kama lilivyo kwenye mfumo wao, na watia saini wote wailinganishe na cheti papo hapo. Ikiwa mfumo hauwezi kubeba jina lote, ombeni barua ya pili inayothibitisha kwamba jina lililofupishwa na jina la kwenye cheti ni la kikundi kimoja, kisha muiambatishe kwenye maombi hata kama fomu haijaidai. Kurekebisha baadaye kunahitaji muhtasari mpya wa kikao, barua ya afisa maendeleo ya jamii, na watia saini wote wafike wenyewe na vitambulisho vya taifa. Mtia saini anayeishi kisiwani Ukara au Irugwa anaweza kuchelewesha kikundi kizima kwa kukosa usafiri tu, kwa hiyo wachagueni wale wanaoweza kufika benki siku yoyote ya kazi.

Baada ya jina, kinachopimwa ni kama hitaji lenu limetokana kweli na janga. Hapa muhtasari wa kikao una nguvu kuliko maelezo marefu ya fomu, mradi uwe umeandikwa kwa ukweli. Sentensi isemayo kwamba "wajumbe walijadili athari za korona na kukubaliana kuomba msaada" haimwambii msomaji lolote. Inayosaidia ni kama hii: "Kati ya wanachama 22, wanachama 14 wamepunguza kununua dagaa kwa sababu mnunuzi wa jumla hafiki tena kila wiki, na akiba ya kikundi imetumika kulipia ada za watoto." Takwimu hizo zitokane na daftari la michango na daftari la mauzo, kwa sababu mkaguzi akija ataomba kuyaona. Kikao chenyewe kiitisheni wakati wa mbalamwezi, kambi za uvuvi wa dagaa zikiwa zimepumzika na wanachama wengi wana nafasi, ili orodha ya mahudhurio iwe na saini za kutosha; muhtasari wenye saini za viongozi watatu pekee hutiliwa shaka, na ni haki yake kutiliwa shaka.

Bajeti iandikwe kwa vipande. Mstari unaosema "vichanja vya kuanikia dagaa" na kufuatiwa na jumla moja kubwa hukataliwa. Andikeni mirunda, neti, misumari, usafiri wa kuvusha mali na ufundi, kila kimoja na idadi yake na bei yake. Ndoo za kunawia zitenganishwe na koki na vibao vyake, na kama mwalo wenu unaweza kutumia kibuyu chirizi (chombo cha kunawia kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu), kitumieni, kwa kuwa mtoaji wa fedha huona mara moja kwamba mmefikiri. Chukueni ankara kifani (karatasi ya bei kabla ya kununua) kutoka maduka yasiyopungua matatu, na muulize kama bei mliyopewa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kikundi kinachosahau swali hilo hujikuta na pengo mlangoni mwa duka. Wekeni pia mchango wenu, hata kama ni eneo, nguvu kazi au cherehani mlizonazo, na muupe thamani yake kwa shilingi.

Mialoni wapo vishoka, yaani madalali wasio rasmi, wanaojitolea kuandika maombi kwa makubaliano ya kupewa sehemu ya ruzuku ikitoka. Wakataeni. Malipo hayo hayamo kwenye bajeti iliyoidhinishwa, kwa hiyo yatatoka kwenye mbao na ndoo za wanachama, na mweka hazina ndiye atakayetakiwa kuyaeleza. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwasomea rasimu na kuwasahihisha, nanyi mna haki ya kumwomba afanye hivyo.

Maombi mengi sasa hutumwa kwa intaneti. Nyaraka zipigwe picha kwenye skana na si kwa simu gizani, kila faili lipewe jina linaloeleweka, na msisubiri siku ya mwisho, hasa ninyi mnaotegemea usafiri wa majini kutoka Nansio kuja mjini. Mkishatuma, hifadhini ujumbe wa uthibitisho na muuchapishe.

Fedha zikiingia, kila ununuzi uwe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Fundi seremala wa mwaloni asiye na mashine alipwe kwa hati ya malipo yenye jina lake, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe na saini yake, pamoja na saini za mashahidi wawili wa kikundi. Muulizeni mtoaji mapema kama anaikubali hati hiyo, na jibu lake liwe kwa maandishi. Bei ya mirunda ikipanda na mkahitaji kuhamisha fedha kutoka kwenye ndoo, mwandikieni kwanza mkieleza sababu na kuambatisha ankara mpya, na msinunue hadi barua ya idhini iwe mkononi mwa mweka hazina.