Chujio la maji melini: pima kabla na baada

Sampuli ya baada ya chujio pekee haithibitishi kitu. Chukua na ya kabla yake, muda uleule. Ng'oa wavu wa mdomo wa bomba, futa mdomo huo kwa spiriti ya 70%, acha maji yatiririke dakika 2 au 3. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa na ina sodiamu thaiosalfeti, dawa ya kuzima klorini, hivyo usiisuuze. Bila dawa hiyo klorini huendelea kuua bakteria njiani, na majibu yanakudanganya. Klorini yenyewe pima papo hapo. Chujio la mkaa, kwa kuwa huondoa klorini, hugeuka kitalu cha bakteria maji yakilala humo. Sampuli zikae gizani penye baridi, zichunguzwe ndani ya saa 24.