Jinsi ya kuandika riwaya ya upelelezi ambayo mpelelezi ni mama mstaafu (hatua kwa hatua)

Kuna dada mmoja anaandika hadithi za mfululizo za WhatsApp, aliniletea rasimu yake, mpelelezi wake ni mama wa miaka sitini na kitu aliyestaafu polisi. Wazo zuri kabisa, ila kufika sura ya tatu mama kapiga mlango teke, kachomoa bastola na kamfunga mtu pingu. Tulikaa tukaipanga upya yote, na nikaona tuliyoongea yatafaa na wengine, maana wasomaji wa Kiswahili tumekua na wapelelezi wa riwaya kama Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, wote wanaume, na huyu mama bado hajaandikwa inavyotakiwa. Mifano yangu ni ya Tanga kwa sababu ndo mji ninaoujua, we weka wa kwako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umri wake

Chukua kauntabuku na peni, sio simu. Simu ukiandika tarehe unaifuta afu unasahau ulikuwa umeweka nini, kauntabuku ukikata mstari unaona ulichokata.

Tuseme anaitwa Bi Tatu, kazaliwa 1960. Vita ya Kagera inaanza 1978 ana miaka 18. Mwaka 1983 kwenye msako wa wahujumu uchumi ni WP (askari polisi wa kike) kijana analinda sukari na vitenge vilivyokamatwa kwenye stoo ya mtu, na ukitaka kuninogeshea hadithi, mwenye stoo awe jirani aliyemlea. Kazi kajifunza miaka ambayo simu za mkononi hazipo, mtu alifuatwa kwa miguu na habari zilitoka kwa muuza kahawa. Anafikisha 60 mwaka 2020, mwaka uleule laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Umeona? Hapo tu unajua anakumbuka nini, anamdai nani, na teknolojia gani imemkuta ukubwani.

Cheo usimpe kikubwa. Akistaafu kamishna ana dereva na watu wa kumpigia simu, hadithi inakufa. Mimi namtaka awe stafu sajenti, au akizidi sana mkaguzi, kwa sababu hao ndo waliokaa mezani wakaandika maelezo ya mashahidi kwa mkono wao miaka na miaka. Mtu aliyeandika maelezo mengi hivyo anajua uongo unavyosikika kabla haujafika nusu.

Hatua ya 2: Mnyang'anye vitu

Silaha karudisha, kitambulisho cha kazi karudisha. Hawezi kuomba kampuni ya simu impe orodha ya namba zilizopigwa, hawezi kupekua nyumba, hawezi kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama anavyopeleka sare kwa fundi. Andika kila asichoweza kwenye ukurasa mmoja na uubandike ukutani.

Kitu kimoja kinabaki na wengi wanakisahau: raia wa kawaida naye sheria inamruhusu kumkamata mtu anayetenda kosa zito mbele yake, ila lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Itunze hiyo, itumie mara moja tu kwenye kitabu kizima.

Hatua ya 3: Mtafutie milango ambayo polisi kijana hapiti

Hapa ndo raha ilipo. Mwanamke akifariki Ngamiani jioni, familia ya Kiislamu inataka azikwe kesho kabla ya alasiri, na wanaomwosha ni wanawake. Askari wa kiume hata awe hodari vipi hapiti lile pazia. Bi Tatu anapita, kwa sababu tangu astaafu yeye ni mmoja wa waosha wa mtaa. Familia inasema presha ilipanda usiku. Yeye kashika bega la marehemu amgeuze, anaona alama za vidole nyuma ya shingo.

Sasa usikimbie kwenda sura inayofuata, kaa hapohapo. Mwosha hatangazi aliyoyaona kwenye mwili wa maiti, hiyo ni amana na kila mwanamke mle ndani anaijua. Akisimamisha kazi na kusema "acheni", kavunja amana, kaivunja familia, na kina mama wenzake hawatamwita tena. Akinyamaza, maji anayomimina kwa mkono wake ndo yanaondoa ushahidi, na mwili ukishafika kaburini kuufukua kunataka amri ya mahakama. Ana dakika chache tu na watu wawili watatu wanamtazama. Mimi sijui eneo lingine la kufungulia riwaya ya aina hii lenye uzito kama hilo, na halihitaji risasi hata moja. Na ile methali ya mwosha huoshwa, mpe muuaji aje aiseme kwa sauti ya upole huko mbele, msomaji atasisimka.

Mlango mwingine ni eda. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi (akiwa mjamzito ni mpaka ajifungue), na mpelelezi wa kiume akija kumhoji shemeji zake watakaa pembeni wote kifua mbele. Bi Tatu anakuja na bakuli la uji, anakaa mkekani, anaongea habari za bei ya nazi nusu saa nzima. Vikoba pia, maana daftari la kikoba linaonyesha nani alikopa nini wiki gani, na madeni ndo chanzo cha nusu ya ugomvi wa mitaani. Kama hadithi yako ni ya Moshi au Songea tafuta milango ya huko, jumuiya ndogondogo, kwaya, kilabu cha pombe. Usikopi ya Tanga.

Hatua ya 4: Kutoka kujua mpaka kuthibitisha

Hii hatua isome taratibu, ndo iliyotukalisha mpaka usiku wa manane mimi na yule dada, na ndo inayoua riwaya nyingi. Mama kajua muuaji ni nani. Sawa. Anafanyaje mpaka hakimu na jaji nao wajue? Waandishi wengi wanamaliza kwa muuaji kupiga magoti na kulia na polisi kuingia. Msomaji mwenye ndugu aliyewahi kuwa na kesi anajua hapo ndo kesi inaanza, haijaisha.

Kwanza vielelezo. Bi Tatu kaokota kidani cha marehemu jalalani. Akikitia kwenye pochi akaenda nacho nyumbani, anaweza kuwa kakiharibu kama kielelezo, kwa sababu mahakamani wakili wa utetezi atauliza nani alikishika, kikalala wapi, nani akampa nani, na karatasi za kila makabidhiano ziko wapi. Mahakama ya Rufani imewaachia watu kwenye kesi nzito kwa sababu mnyororo huo ulikatika mahali. Anachotakiwa kufanya ni kuvumilia: asikiguse, akae pale hata jua liwake, amwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi, waandike hati ya ukamataji mali na shahidi huru asaini. Mwanamke wa miaka sitini na kitu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa saa tatu nzima akilinda jalala huku muuaji anapita na kurudi barabarani anamsalimia, hiyo ni taharuki kuliko kufukuzana na pikipiki.

Pili kuona. Ukimfanya aone mtu usiku, ujue mahakama zetu zina ukali sana kwenye utambuzi wa gizani. Wataulizia taa ilikuwa ya aina gani na mwanga wake ukoje, umbali, alimtazama muda gani, alimfahamu kabla au ndo mara ya kwanza. Na mama huyu ana miwani. Kwa hiyo ama mpe mtu anayemfahamu toka utotoni, ama mnyime kabisa hilo la kuona na umwachie kusikia mwendo au kikohozi, ambacho kitamsaidia yeye kujua ila hakitamfunga mtu. Tofauti ya kujua na kufunga iandike kwa herufi kubwa kwenye kauntabuku.

Tatu, na hapa ndo nilimwambia yule dada aache kulia kwamba mama hana nguvu: ungamo. Polisi akimkamata mtu ana saa nne za msingi za kumhoji, lazima amwonye kwanza, aandike maelezo ya onyo, na bado mtuhumiwa akifika mahakamani anaweza kuyakana akasema alipigwa, ikafunguliwa kesi ndani ya kesi kuamua kama yapokelewe. Bi Tatu sio polisi tena. Mtu akimwambia kwa hiari yake, barazani, "mimi ndo nilimshika shingo", huyo ni raia kaambiwa na raia, na Mahakama ya Rufani imeshasema ungamo la mdomo mbele ya shahidi wa kuaminika, hata akiwa raia, linaweza kutosha lenyewe kumtia mtu hatiani. Yani kustaafu kumempa mlango ambao akiwa kazini alikuwa hana.

Ila angalia. Neno ni hiari. Asimtishe, asimwahidi kitu. Na asiwe katumwa: kama mpelelezi wa mkoa kamwambia "mama nenda kamchokonoe utuletee", wakili mzuri atasema huyu alikuwa mkono wa polisi na mambo yanabadilika. Afu inabidi asikilizwe kama shahidi wa kuaminika, kwa hiyo ugomvi wake wa zamani na familia ya mtuhumiwa (ile stoo ya 1983!) utafufuliwa kizimbani. Ile hesabu ya hatua ya 1 inalipa hapa.

Ukitaka kujua haya yanavyotokea kweli soma hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ni bure, nyingi ziko kwa Kiingereza lakini utazielewa. Kwangu hukumu moja ya mauaji inafundisha kuliko filamu za upelelezi za msimu mzima. Majina ya watu usiyachukue, chukua namna mambo yalivyoharibika.

Hatua ya 5: Mwili wake

Magoti, presha, vidonge vya asubuhi. Weka, ila usimfanye mgonjwa wa kuonewa huruma.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Mkuu wa upelelezi wa sasa alikuwa kuruta wake. Mbele ya askari wengine anamwambia "Jambo afande", wakibaki wawili "Shikamoo mama", na siku wakikosana anamwita "Bi Tatu" kavu. Usieleze, weka tu, msomaji anasikia mwenyewe. Na mama asihubiri. Anayehoji vizuri anauliza kifupi afu ananyamaza, mwenzie ndo anaropoka kujaza ukimya.

Hatua ya 7: Kuirusha

Andika kitabu chote ndo uanze kurusha vipande, kwenye upelelezi huwezi kubuni muuaji ukiwa njiani, wasomaji wa kwenye magrupu wanahifadhi vipande vya nyuma na wanakubana. Kila kipande kiishie kwenye swali jipya, sio lazima kiishie kwenye hatari. Na kama unauza kwa M-Pesa, waonjeshe bure mpaka ile siku ya jalala.