Kung'arisha mikanda ya bodi ya Volkswagen Beetle nyumbani

Mikanda ya pembeni ya Beetle, ile mirefu myembamba ya pambo kwenye bodi, ikishakuwa ya kijivu, wengi hukimbilia Brasso. Wanasugua mpaka mkono unakufa ganzi na mkanda uko vilevile. Mkanda huo ni wa aluminiamu iliyovishwa ngozi ngumu ya oksidi kiwandani, na ngozi hiyo ndiyo iliyochakaa. Bila kuivua, hufiki kwenye aluminiamu yenyewe.

Hatua ya 1: Tambua aina ya metali. Bampa, pete za taa na wilkapu hunasa sumaku: ni chuma kilichopakwa kromu, na tutavirudia. Mkanda mwepesi usionasa sumaku ni aluminiamu. Weka pini mbili za multimita, ile mita ya mkononi ya fundi umeme, juu yake. Umeme usipopita, ngozi bado ipo.

Hatua ya 2: Bandua. Zungushia mwiko wa mbao kitambaa, upenyeze nyuma ya mkanda karibu na klipu, uinue kidogo kidogo, klipu moja baada ya nyingine. Usivute kwa kushika ncha moja, mkanda utapinda, na aluminiamu iliyokunjika haisahau. Kisha uoshe kwa sabuni mpaka grisi yote iishe.

Hatua ya 3: Vua ngozi. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Utahitaji kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Fanyia kazi nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu soda ikikutana na aluminiamu hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na nguo za mikono mirefu. Watoto wasiwe karibu. Pima gramu 50 kwa lita 1 ya maji baridi. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka na kukurukia usoni. Chombo kiwe cha plastiki. Mimi hupasua bomba la plastiki katikati kwa urefu, naziba ncha, napata hori linalotosha mkanda mzima.

Laza mkanda, uangalie kila baada ya dakika moja. Mapovu yakitoka kwa wingi kila mahali, soda imeshafika kwenye aluminiamu: utoe mara moja, suuza kwa maji mengi, pitisha siki, suuza tena. Rudia kipimo cha mita.

Hatua ya 4: Msasa wa maji. Anza na namba 600, kisha 1000, 1500 na 2000. Sugua kufuata urefu wa mkanda. Usihamie namba nyingine kabla mikwaruzo ya namba iliyotangulia haijaisha, kwani pasta haitaifuta.

Hatua ya 5: Pasta. Autosol au Brasso, kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kitakuwa cheusi; endelea, kisha futa kwa kingine kikavu. Aluminiamu iliyovuliwa haina kinga tena, kwa hiyo ipake nta, na kama unaishi pwani irudie mara kwa mara, maana chumvi ya hewani haiichelewi.

Bampa na wilkapu usiziguse kwa msasa wala soda. Tabaka la kromu ni jembamba mno, chini ya maikroni moja. Kutu ndogo isugue taratibu kwa karatasi ya foili iliyofinyangwa na kuloweshwa maji, kisha nta.

Kabla ya kurudisha mikanda, kagua matundu ya klipu kwenye bodi. Yakiwa na kutu, yakwangue, yapake rangi ya kuzuia kutu, na utumie klipu mpya zenye mpira.