Kusoma ramani ya kontua kabla ya kushika nyundo: mfano wa ukuta wa Manyara

Ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, inakueleza mengi kuhusu umbo la ardhi na machache kuhusu mawe yenyewe. Ukuta wa Bonde la Ufa ulio juu ya Ziwa Manyara unaonekana kwenye ramani kama mkanda mrefu wa mistari iliyobanana. Kaskazini, upande wa Mto wa Mbu, ukuta huo ni wa mawe ya volkeno. Ukienda kusini unakutana na miamba ya kale zaidi, naisi yenye mistari myeupe na myeusi. Umbo linafanana kwa sababu ardhi ilipasuka na upande mmoja ukashuka. Jiwe ni jingine kabisa. Kwa hiyo soma ramani kwanza, kisha nenda ukaulize mwamba wenyewe.

Anzia pembezoni mwa karatasi, hata kama macho yanavutwa na ziwa. Kwenye skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na kila mraba wa gridi ni kilomita moja ya mraba. Ukiwa na nakala ya fotokopi, usiiamini namba hiyo: mashine ikikuza au kupunguza karatasi, 1:50,000 inabaki imeandikwa lakini si kweli tena. Pima kwa kutumia mstari wa skeli uliochorwa chini, maana huo hukua na kupungua pamoja na ramani.

Kisha tazama tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata. Mara nyingi ni mita 20, ila karatasi za zamani nyingine zimechorwa kwa futi. Futi 50 ni kama mita 15 tu, na asiyeangalia hilo hupata mlima mrefu kuliko ulivyo.

La tatu huwasumbua wengi wenye simu. Ramani nyingi za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, wakati simu husoma kwa mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha namba za simu moja kwa moja kwenye karatasi, utakuwa nje kwa karibu mita 300, yaani milimita 6 kwenye 1:50,000. Kwenye tambarare huwezi kulihisi kosa hilo. Kwenye ukuta wa Manyara linaweza kukutoa juu ya genge na kukuweka katikati ya mteremko. Badilisha mfumo kwenye programu ya simu kabla hujatoka.

Sasa kontua zenyewe. Zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ni wa pole. Zinapovuka mto hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea mto unakotoka. Kwenye mgongo wa kilima ncha huelekea chini. Hapa ndipo wanaoanza wanapogeuza bonde kuwa mgongo, na dawa yake ni kusoma namba mbili za kontua, moja kila upande, kabla ya kuamua. Vivyo hivyo kwa mizunguko iliyofungwa: kama ina vijistari vidogo vinavyoelekea ndani, hicho ni kishimo au kreta. Ngorongoro, jirani tu na Manyara, namba hupanda hadi ukingoni kisha hushuka takribani mita 600 hadi sakafuni.

Mito nayo inasema. Ikisambaa kutoka kileleni kwenda pande zote, kama Kilimanjaro, fikiria volkeno. Ikijigawa kama matawi ya mti bila mpangilio maalumu, huenda mwamba wa chini ni wa aina moja eneo zima. Mstari ulionyooka wa kontua zilizobanana, unaoendelea kwa kilomita nyingi, ni dalili nzuri ya mpasuko.

Ili uuone ukuta kwa ubavu, chora mkato:

1. Piga mstari kwa penseli kutoka ziwani hadi juu ya ukuta, ukivuka kontua kwa pembe mraba kadiri unavyoweza.
2. Weka ukingo wa karatasi nyeupe kwenye mstari huo. Tia alama kila kontua inapokatwa na andika kimo chake. Pakibanana sana, chukua kontua nene tu.
3. Hamishia alama kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 kwa mita 100 kwenda juu.
4. Unganisha nukta kwa mkono mwepesi, bila rula.

Skeli ya wima hapo ni 1:10,000, kwa hiyo umekuza kimo mara 5 (50,000 ÷ 10,000). Liandike hilo chini ya mchoro. Ukichagua sentimita 1 kwa mita 20, kimo kitakua mara 25 na ukuta wa mita 600 utasimama sentimita 30 kama mnara. Mteremko halisi utafute kwa hesabu: tuseme unapanda mita 600 ndani ya kilomita 2, hiyo ni 600 ÷ 2,000, yaani mita 3 kwa kila 10, kama nyuzi 17.

Ukifika kwenye mwamba, usihukumu kwa ganda la nje. Limeoza na limebadilika rangi. Ndani ya hifadhi usivunje wala kuokota jiwe lolote. Nje ya hifadhi, kwenye mkato wa barabara, vaa miwani ya kinga, kisha vunja jiwe upate uso wake mpya. Basalti ni nyeusi, nzito, punje zake hazionekani kwa macho, na mara nyingi ina vitundu vya gesi. Naisi ina mikanda ya rangi na punje kubwa zinazong'aa. Kisu cha chuma hakiikwaruzi kwatzi, ambayo ni madini magumu, lakini mwamba wa chokaa hukwaruzika kirahisi. Kwa chokaa, kwangua unga kidogo na udondoshee ndimu: povu hafifu linatosha kuwa dalili. Jiwe zima huenda lisitoe povu, na hapo wengi hulitupa kimakosa.

Kila jiwe liandikie namba sita za gridi, zinazoongezeka kuelekea mashariki kwanza, za kaskazini baadaye. Ukizigeuza, jiwe la ukutani linaweza kuangukia ziwani.